Vyombo vya Mfuga Nyuki
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Makindu)



Tumeombwa kusema machache juu ya vyombo vya kufugia nyuki, kwa kuwa wengi wetu tulio na kazi za ofisini na dukani tumeanza kutundika mzinga mmoja au miwili shambani. Hatukusimama hapa kuwafundisha wazee kazi waliyoijua kabla sisi hatujazaliwa. Mwatu wa gogo uliotundikwa juu ya mgunga ndio uliotoa asali ya posa na ya baraka. Neno letu ni moja tu: kosa letu halimo katika mzinga, limo katika moto.

Msimu uliopita sisi wenyewe tulipanda kurina kwa mwenge wa nyasi. Nyuki waliungua mlangoni, masega ya majana yakakatwa pamoja na ya asali, na majivu yakaingia debeni. Mwenye duka aliinusa asali ile akaikataa. Siku ya tatu mzinga ulikuwa mtupu. Tena cheche zilishika majani makavu chini ya mti, na lau si jirani aliyekuja mbio na matawi mabichi, tungaliteketeza malisho ya watu.

Basi chombo cha kwanza ni bomba la moshi, yaani kopo lenye mdomo na mvukuto wake. Bomba la namna hii lilitengenezwa na Moses Quinby wa Marekani katika miaka ya 1870. Nyuki anapouma hutoa harufu kama ya ndizi mbivu, nayo huwaita wenzake vitani. Moshi huifunika harufu hiyo, na nyuki hukimbilia kujaza asali tumboni, wakapungukiwa na ukali. Tutumie kinyesi kikavu cha ng'ombe, kwani moshi wake ni wa polepole. Mafuta ya taa na mpira tusivitie kamwe.

Cha pili ni vazi: kofia pana yenye wavu, glovu, nguo nyeupe, na suruali iliyoingizwa ndani ya buti. Nguo nyeusi huwaudhi nyuki.

Cha tatu ni vyombo vya mkono: chuma bapa cha kubandulia, kisu, brashi laini, na ndoo mbili safi za plastiki zenye vifuniko. Ndoo moja ni ya masega yaliyozibwa kwa nta, ya pili ni ya yale yasiyozibwa, kwa sababu asali yake ina maji mengi na huchacha upesi. Debe lenye kutu tuliache, maana asali ina asidi, nayo hula chuma.

Mwenye kutaka mzinga wa mbao na autengeneze ule uliobuniwa hapa Kenya katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada. Ubavu wake umeinama, na juu yake hupangwa vijiti ambavyo nyuki hujengea masega. Kila kijiti kiwe na upana wa milimita 32, wala seremala asikisie. Kikizidi, nyuki hujenga kutoka kijiti hadi kijiti, na sega haliinuki bila kuvunjika. Mzinga huu hutundikwa kwa waya usawa wa kiuno, hata mama au mzee asiyeweza kupanda mti hurina mwenyewe. Huchukua masega ya asali ya pembeni, akayaacha ya majana katikati.

Bwana Mwenyekiti, si kila mwanachama awezaye kununua vyombo hivi vyote. Kwa hiyo tunaomba fedha za chama zisinunue mizinga, bali zinunue seti moja: bomba moja, mavazi mawili na ndoo. Viwekwe kwa mwandishi, viazimwe kwa zamu na kuandikwa daftarini. Mwenye gogo na mwenye mbao watafaidi sawasawa. Tunaomba pia kila kijana aendaye kurina mara ya kwanza afuatane na mzee, kwa maana bomba halimwambii mtu ni sega gani la kuachwa.

Wahenga walisema, fuata nyuki ule asali. Hawakusema tumchome.