Picha za Nyumbani Nazo ni Akiba



Hisa zetu tunaziandika daftarini. Je, majina ya waliomo kwenye picha zetu tumeyaandika wapi? Mzee akifariki huondoka nayo, wajukuu wakabaki kuulizana, "Huyu nani?"

Basi, ketini na bibi angali hai, mumuulize. Nyuma ya picha andikeni majina, mahali na mwaka, kwa penseli laini, maana wino hupenya. Msizibandike kwenye albamu za gundi; zikishika, huweza kuchanika zikitolewa. Jua hufifisha rangi, unyevu huleta ukungu: ziwekeni kwenye bahasha za karatasi, pakavu, mbali na jiko. Za kwenye simu zitoleeni nakala, kwani simu huibiwa.

Hiyo nayo ni akiba, akina mama.