Simu, Daftari na Mkutano

Maneno ya Katibu mbele ya wanachama, katika sikukuu ya mwaka wa kumi wa Chama Kikuu, Tukuyu



Waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za bei, mbolea na barabara. Sisi wa ofisi ya Katibu tumeombwa kueleza jambo ambalo wazee wetu walioanza ushirika hawakulijua, nalo ni kushauriana na kufanya kazi pamoja kwa njia ya simu na intaneti.

Watu 28 wa mji wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao la ushirika mwaka 1844, na wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walipoandikisha chama chao kikuu mwaka 1933, habari zilikwenda kwa barua, kwa miguu na kwa mbiu. Aliyekaa mbali alisikia mwisho. Hata hivyo walishika neno moja, ya kwamba mwanachama ana haki ya kujua mambo ya chama chake. Haki hiyo ndiyo tunayotaka kuipima leo.

Katika miji mikubwa, makampuni ya biashara, na hasa yale yanayofanya kazi ya kutangaza bidhaa za wengine, hutumia vyombo kama Slack, iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 2014, na Microsoft Teams, iliyotoka mwaka 2017. Chombo cha namna hiyo ni kama nyumba yenye vyumba vingi. Kila kazi ina chumba chake. Mwandishi, mchora picha na mhasibu huweka humo kazi zao, na kila mmoja huona mwenzake amefika wapi. Aliyechelewa husoma tangu mwanzo, wala hawezi kusema hakuambiwa.

Sisi wa Rungwe tulianza na kile kilichokuwamo mifukoni mwetu, yaani WhatsApp. Tangu mwaka 2022 kundi moja laweza kuchukua watu 1,024. Nasi twakiri ya kwamba faida tumeiona. Jani la chai likisha kuchumwa halingoji mtu. Likishindiliwa katika gunia hupata joto, hubadilika rangi, na kiwanda hulikataa. Zamani gari likikwama matopeni njia ya Mwakaleli, karani wa kituo alikuja kujua jioni. Siku hizi dereva hutuma ujumbe mmoja, na karani huwaambia wachumaji wapumzishe mikono.

Lakini, ndugu zetu, hatukuja hapa kujisifu. Msimu mmoja wa mvua gari liliharibika jioni. Tuliandika katika kundi ya kwamba kesho yake majani hayatachukuliwa. Tukaona wengi wamesoma, wengine wamejibu, tukalala tukidhani kazi imekwisha. Asubuhi yake akina mama na wazee wenye simu za kitochi, na wasio na simu kabisa, waliamka alfajiri kama desturi yao. Walichuma, wakabeba mizigo mpaka bandani, wakangoja mpaka alasiri. Majani yote yakatupwa.

Katika mkutano uliofuata mama mmoja alisimama, akatuuliza kwa upole: “Mwanangu Katibu, huo mkutano wa kutuambia tusichume ulifanyika wapi?” Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumewahesabu waliosoma, wasiokuwamo hatukuwahesabu. Na wasiokuwamo walikuwa wanachama wenye hisa na kura sawa na sisi. Kamati ilikiri kosa mbele ya mkutano, lakini jasho la siku ile halikurudi.

Tangu siku hiyo tumejiwekea kanuni tano, nazo twapenda ziandikwe katika kitabu hiki ili watakaotufuata wazisome.

Kwanza, tumetenga makundi. Madereva na makarani wana lao, kamati ina lake, na la wanachama wote ni la matangazo tu, ili habari ya gari isizame katika salamu na vichekesho.

Pili, tangazo lo lote likiwekwa katika kundi, hapo hapo hutumwa kwa ujumbe mfupi katika simu za kitochi, na hubandikwa ubaoni kituoni. Tena kila kituo kimechagua wajumbe wawili wa kupeleka habari nyumba kwa nyumba. Karani hana ruhusa kusema watu wamejulishwa mpaka wajumbe hao wamemjibu.

Tatu, kundi la simu halikati shauri. Bei, mikopo na makato huamuliwa katika mkutano halali na kuandikwa katika kumbukumbu, kwa kuwa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 imeupa mkutano mkuu mamlaka ya juu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Nne, deni la mwanachama, nambari yake ya akaunti au picha ya kitambulisho chake haviwekwi mbele ya watu. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Na hata isingalikuwapo, adabu ingetosha kutuzuia.

Tano, ye yote aombaye fedha kwa ujumbe, hata kwa jina la Mwenyekiti, asipewe mpaka amepigiwa simu na sauti yake kutambuliwa.

Labda mtu atasema, basi simu tuziache. La, sivyo. Mtu akijikata kwa panga halitupi panga, bali hujifunza kulishika. Kwa hiyo twawaomba vijana wetu wenye simu kubwa, kila mmoja awe msomaji wa nyumba ya wazazi wake na ya jirani yake. Nanyi viongozi wa vyama vya msingi, kabla ya kulala mjiulize ni nani ambaye habari ya leo haijamfikia.

Mama yule aliyetuuliza leo ni mjumbe wa kituo chake. Simu kubwa hana hata sasa. Lakini gari likichelewa, nyumba za kando ya mto kule kwake hujua kabla mtu hajashika kikapu.