Dirisha Halijafungwa: Ngoma na Mazoezi ya Nyumbani kwa Vijana Wenye Mtindio wa Ubongo, Kutoka Umatengo hadi Ufukwe wa Nyasa



Nimepewa saa moja, na sehemu kubwa ya saa hiyo nitaitumia kugombana na sentensi moja. Niliisikia katika kikao cha kupanga huduma za utengamao, ikitoka kinywani mwa mtu msomi na mwenye nia njema. Lilitajwa jina la kijana mmoja wa Mbinga mwenye mtindio wa ubongo, na mwenzetu akasema: "Huyo ana miaka 14. Hapo tumeshachelewa. Nguvu tuzipeleke kwa wachanga." Wajumbe wakaafiki, katibu akaandika, tukahamia ajenda iliyofuata.

Mtindio wa ubongo wenyewe hauhitaji maelezo marefu mbele ya hadhara hii. Ni matokeo ya ubongo kuumia, au kutokukua inavyopasa, kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya mwanzo. Tangu William Little alipowasilisha makala yake London mwaka 1861 hadi leo, mengi yameandikwa na wengi wenu mmeyasoma. Itoshe kukumbuka jambo moja: jeraha la ubongo haliendelei, lakini mwili uliolibeba unaendelea kukua. Hoja yangu yote imo humo.

Sentensi ile haikuzuka hivi hivi. Mzazi wake ni utafiti mzuri sana, uliosomwa nusu. Mwaka 2002 Peter Rosenbaum na wenzake wa Ontario, Kanada, walichapisha matokeo ya kufuatilia watoto 657 wenye mtindio wa ubongo. Waliwagawa katika ngazi tano, kuanzia anayetembea bila msaada hadi anayebebwa kwa kila kitu, kisha wakachora namna uwezo wao wa kujongea unavyopanda. Walichoonyesha ni kwamba mtoto wa ngazi ya kwanza hufikia asilimia 90 ya uwezo wake akiwa karibu na miaka 5, na wa ngazi ya tano hata kabla ya miaka 3. Michoro hiyo ilitundikwa kwenye kuta za kliniki duniani kote, na kutokana nayo watu wakatunga methali isiyoandikwa popote: baada ya miaka 5, dirisha limefungwa.

Rosenbaum hakusema hivyo. Alichora kupanda, kushuka hakukuwa swali lake. Swali hilo lilijibiwa na Steven Hanna na wenzake mwaka 2009, walipowafuatilia watoto wa Ontario hadi umri wa miaka 21. Wale wa ngazi ya kwanza na ya pili walibaki pale walipofika. Wale wa ngazi ya tatu, ya nne na ya tano walifika kileleni wakiwa na miaka 7 hivi, kisha wakaanza kushuka, wakapoteza kwa wastani kati ya alama 5 na 8 katika kipimo cha alama 100. Kwenye karatasi hizo ni alama chache. Nyumbani ni tofauti ya binti anayeshika ukingo wa kitanda na kusimama ili mama amvishe, na binti anayepaswa kuinuliwa mzimamzima.

Sababu ya kushuka inajulikana. Katika umri wa balehe mifupa hurefuka kwa kasi, na misuli iliyokakamaa haiifuati kwa mwendo huohuo. Goti linaanza kubaki limekunjika, kisigino hakigusi chini, nyonga inavutwa nje ya mahali pake. Wakati huohuo uzito unaongezeka, na mama aliyekuwa akimbeba mtoto mgongoni sasa anaumwa kiuno. Kijana anaachwa akae. Akikaa, anadhoofika, akidhoofika, anakaa zaidi. Umri tuliouita wa kuchelewa ndio umri wa hatari kubwa. Anayesema tusimfanyie mazoezi kijana wa miaka 14 kwa kuwa hataongeza uwezo mpya, angepaswa pia kutushauri tusiezeke upya paa lililotoboka kwa kuwa nyumba haitaongezeka vyumba.

Sentensi ile ina ndugu yake mkubwa, nitamgusa kwa haraka. Kwa miongo kadhaa, chini ya kivuli cha mafundisho ya Berta na Karel Bobath wa London, wataalamu wa viungo waliogopa kumpa mgonjwa wa aina hii kazi nzito, wakiamini kwamba kutumia nguvu kunaongeza mkakamao. Katika miaka ya 1990 Diane Damiano wa Marekani aliwapa watoto hao mazoezi ya kuimarisha misuli ya mapaja. Nguvu ziliongezeka, na mkakamao uliohofiwa haukutokea. Hata hivyo hofu hiyo bado inaishi katika kliniki zetu, na kazi yake ni kuwahalalishia wavivu uvivu wao.

Sasa tushuke Afrika Mashariki. Mwaka 2017 Angelina Kakooza-Mwesige wa Makerere na wenzake walichapisha uchunguzi wa nyumba kwa nyumba katika wilaya za Iganga na Mayuge, Uganda. Watoto zaidi ya 31,000 wa miaka 2 hadi 17 walipitiwa, na 86 wakakutwa na mtindio wa ubongo, sawa na takriban 2.7 kwa kila 1,000. Lililonisimamisha si wastani huo. Lililonisimamisha ni kwamba kundi la miaka 8 na kuendelea lilikuwa na watoto wachache kwa uwiano kuliko kundi la wadogo. Mtindio wa ubongo hauponi kwa kukua, kwa hiyo jiulizeni wakubwa walikuwa wapi. Mwaka 2020 timu hiyohiyo ilitoa jibu: vifo vya watoto hao vilizidi vya wenzao wa eneo hilo kwa zaidi ya mara 20. Wanaofika balehe katika vijiji vyetu ni walionusurika. Kuwaambia walionusurika kwamba wamechelewa ni kauli ambayo nashindwa kuipatia jina la heshima.

Mazoezi ya vijana hao yafanyikie wapi? Wenzangu watasema: kituoni. Nawaomba wapande Umatengo, milima ya Mbinga, waone. Miteremko ile, yenye ngoro (mashimo ya kilimo) zilizochimbwa kwa ustadi wa vizazi na kahawa iliyoshikilia ardhi, haikutengenezwa kwa kiti mwendo. Kutoka Mbinga mjini hadi Songea ni takriban kilomita 100. Kutoka vijiji vya ziwani kama Liuli au Lituhi ni mbali zaidi. Hospitali zipo, Litembo mlimani na Liuli ufukweni, na zina historia ndefu ya kuhudumia watu. Lakini kijana wa kilo 40 hapandishwi bodaboda mara tatu kwa wiki, tena msimu wa kuvuna kahawa ambapo kila mwenye mikono yuko shambani. Mazoezi yatafanyika nyumbani, au hayatafanyika.

Hapa nakutana na hoja nzito kuliko zote za wapinzani wangu, na sitaikwepa. Mwaka 2007 Eunmi Kwak alichapisha jaribio lake la kutembea kwa kufuata mdundo, likihusisha watoto na vijana wenye mtindio wa ubongo uliokakamaza misuli. Kundi moja liliongozwa na mtaalamu. Jingine lilijiongoza lenyewe. La tatu lilibaki na huduma ya kawaida. Walioongozwa walirefusha hatua, wakaongeza mwendo, na miguu yao miwili ikalingana zaidi. Waliojiongoza hawakupata faida ya kuonyeshwa. "Unaona?" naambiwa. "Nyumbani hakufai." Mimi naona jambo jingine. Lililoshindwa pale ni upweke. Iona Novak na wenzake wa Australia, katika jaribio la mwaka 2009 lenye watoto 36, waliwapa wazazi programu ya nyumbani iliyopangwa pamoja na familia na kufuatiliwa. Wazazi waliitekeleza kwa wastani wa dakika 16 na nusu kila mara, kama mara 17 kwa mwezi, na baada ya wiki 8 watoto hao walikuwa mbele ya wale ambao hawakupewa programu. Nyumba yenye mtu wa kusimama karibu ni kituo tosha. Na katika mkoa wa Ruvuma ninaoujua, ni nadra nyumba kukosa mtu: kuna bibi, kuna mdogo wa kijana, kuna jirani.

Na kwa nini muziki? Ubongo unaosikia mdundo ulio sawa hausubiri pigo lifike, unalitabiri. Misuli inaandaliwa kabla ya wakati. Mtafiti Michael Thaut aliijengea hoja hiyo mbinu kamili: anahesabu kwanza hatua za mgonjwa kwa dakika, anaweka mdundo palepale, kisha anaupandisha kidogo kidogo. Zaidi ya hayo, muziki unamaliza tatizo kubwa la mazoezi yote, nalo ni uchovu wa moyo. Kijana wa miaka 15 hatakunja goti mara 30 kwa sababu daktari amesema, ila wimbo ukinoga atalikunja.

Wenzangu wananitania kwamba kila mhadhara wangu hufika kwa Terence Ranger. Leo pia. Ranger alikuwa profesa wa kwanza wa historia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, na kitabu chake cha 1975 kuhusu ngoma ya beni nakiweka kwenye rafu ya vitabu vya tiba. Alifuatilia ngoma hiyo kutoka miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, ilipoanza kwa kuiga bendi na kwata za Wazungu. Akaonyesha jinsi makundi ya Marini na Arinoti yalivyoshindana, jinsi vita vya kwanza vya dunia vilivyoisambaza beni kwa miguu ya askari na wapagazi, na jinsi ilivyofika Ziwa Nyasa na kuzaa ngoma za mganda na malipenga. Watawala waliicheka kama mwigo, au waliiogopa kama njama. Ranger alikataa yote mawili: aliona watu wakichukua kitu kilichowaumiza na kukifanya chao. Nami nikisoma kurasa zile kama mtu wa viungo, naona kwata, mazoezi ya kulazimishwa kwa amri na kiboko, yakigeuka kuwa furaha. Wanaume wa Mbinga na Nyasa wanaojipanga baada ya mavuno wakiwa na kaptula nyeupe na soksi ndefu, wakipuliza vibuyu huku ngoma kubwa ikiwaongoza, wanafanya kile tunachoshindwa kukifanya kliniki: wanarudia tendo lilelile kwa muda mrefu, kwa mpangilio, na wanataka kuendelea. Upande wa kina mama kuna ngoma ya kioda, na wasichana wana pa kuanzia.

Niliwahi kukaa katika ua mmoja wa ufukweni, karibu na vichanja vya kuanikia usipa. Binti mwenye mtindio wa ubongo alikuwa kwenye kigoda, mikono ikishika kichanja. Mdogo wake alipiga dumu tupu la mafuta, bibi yao akaimba. Kila kiitikio binti alisimama, kila ubeti alikaa. Alipoanza kuchoka, dumu lilipunguza mwendo bila mtu kusema neno. Nikamuuliza bibi nani amemfundisha mtoto yule kupiga hivyo.

"Hakufundishwa, mwanangu," alisema. "Anamwangalia dada yake. Dada akichoka, naye mkono unachoka."

Hapo ndipo ninapotofautiana hata na wanaoniunga mkono. Wao wanataka tugawe nyimbo kwenye simu: mdundo wa simu hauyumbi, hautegemei hali ya mpigaji, na unaweza kupelekwa vijiji vyote kwa siku moja. Wananikumbusha kuwa Thaut mwenyewe hutumia mdundo wa kupimwa kwa mashine. Hoja hizo ni halali, na pale ambapo hakuna wa kupiga, simu iwashwe. Lakini wimbo wa kwenye simu unamtaka kijana aufuate. Mpigaji aliye hai anamfuata kijana. Thaut anahesabu hatua kabla ya kuweka mdundo, na mtoto yule wa dumu alihesabu kwa macho, kila sekunde. Nimepima yote, na nabaki na dumu.

Utekelezaji si fumbo. Miongozo ya Olaf Verschuren na wenzake ya mwaka 2016 inataka mazoezi ya kuongeza pumzi ya angalau dakika 20, mara 3 kwa wiki kwa wiki 8, au mara 2 kwa wiki 16, huku aliyedhoofika akianza chini ya hapo. Nyumbani mazoezi yenyewe ni kusimama na kukaa, kukanyaga mahali palepale kwa kushika kichanja, kuvuka kamba iliyolazwa chini. Asiyeweza kusimama anyooshe mikono na kiwiliwili akiwa ameegemezwa. Ngoma ianze taratibu na kwa sauti ya chini, kwa kuwa pigo la ghafla humshtua na kumkakamaza. Mwenye kifafa asiachwe peke yake. Maumivu yakija, ngoma inasimama.

Ndugu Mwenyekiti, wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, na leo halmashauri za wilaya zote mbili zina wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba. Naziomba ziwaagize wahudumu hao wawaandike pia vijana wenye mtindio wa ubongo walio na miaka 10 hadi 19, na wataalamu wa viungo waende kuwafundisha bibi na wadogo wa vijana hao kabla ya msimu wa kahawa. Na kwenu wanafunzi wangu: mkiketi kwenye kikao mkasikia kwamba kijana fulani amechelewa, msikubali katibu aandike.