Pauni ya Kruger na Gari la Kigeni



Nimeombwa niseme machache. Jamhuri ya Makaburu ya Transvaal ilirudishiwa kujitawala mwaka 1881. Uhuru ule, tukumbuke, haukuwa wa Waafrika wa nchi ile. Mwaka 1892 ikatoa pauni zake za dhahabu, zenye kichwa cha Rais Kruger. Za kwanza zilipigwa chapa Berlin. Kumbe gari la ng'ombe lililochorwa upande wa pili lilikuwa na miti miwili ya kukokotea, hali gari la Makaburu lina mmoja tu. Tena, chini ya kichwa cha Rais, mchoraji Otto Schultz alitia herufi za jina lake: O.S. Kwa lugha yao, "os" ni maksai! Ikabidi sarafu irekebishwe.

Siwacheki. Mimi nami niliwahi kutia sahihi sampuli ya fomu bila kuisoma, ikachapwa na makosa yake, na wananchi wakasumbuka. Hapa shuleni tulifundishwa kusoma tena kabla ya kukabidhi daftari. Ndugu zangu, tusiache. Dhahabu haifichi kosa.