Sarafu ya Mtandaoni na Sanduku la Kufuli Tatu



Msomi mwenzangu aliniambia kwamba suala la kugawa sarafu mtandao kwa haki limekwisha: mpe kila mtu kiasi kilekile, mtambue kwa mboni ya jicho asije akachukua mara mbili, basi. Sitawarudisha kwenye asili ya Bitcoin, wala tangazo la Benki Kuu ya Tanzania la 2019 kuhusu sarafu hizo, wala kodi ya asilimia 3 iliyowekwa juu yake 2024. Shida yangu ni hilo jicho.

Julai 2023 sarafu mtandao ya Worldcoin ilipozinduliwa, watu walijaa foleni kwenye jumba la mikutano la KICC, Nairobi. Aliyekubali kupigwa picha ya mboni alipewa tokeni 25, karibu shilingi 7,000 za Kenya. Agosti 2 serikali ya Kenya ikasimamisha zoezi. Mei 2025 Mahakama Kuu ya huko ikaamuru data hizo za mboni zifutwe. Haya, tuseme sheria ingefuatwa yote. Haki ingekuwapo? Waraka wa Worldcoin wenyewe unajibu. Siku ya uzinduzi zilizoingia kwenye mzunguko hazikuzidi tokeni milioni 143: milioni 43 za watumiaji, milioni 100 zimekopeshwa kampuni za kuchangamsha soko. Na katika tokeni zote bilioni 10, robo ilitengewa wawekezaji, watengenezaji na akiba. Usawa uliishia kwenye foleni! Tena tokeni ile haikununua hata kilo ya unga kwa jirani. Ilingoja kuuzwa tu.

Sasa twendeni Mikindani, Mombasa, mtaa wa Bangladesh, Mei 2013. Bangla-Pesa, sarafu ya mtaa aliyoiasisi Will Ruddick pamoja na wakazi, ilikuwa vipande vya karatasi. Muuza mboga hakuipata kwa kuwa na jicho. Alitafuta wafanyabiashara wenzake wanne wamdhamini. Wanne hao walimjua: anafungua saa ngapi, mizani yake ikoje, akikopa analipa lini. Mwezi huohuo watu 6, Ruddick akiwamo, walikamatwa wakidaiwa kughushi. Agosti mashtaka yakafutwa. Baadaye kutokana nayo ikazaliwa sarafu ya kidijitali iitwayo Sarafu, ya kutumika hata kwenye simu ya kitochi. Kumbukumbu zake za Januari 2020 hadi Juni 2021 zilichapishwa, nami sichoki kuzisoma: fedha inazunguka palepale mtaani, kwa wanaojuana.

Nguvu hiyo ya wanaojuana niliijua kabla ya kusikia habari za Mombasa. Mwaka mmoja nilimtumia mama fedha ya mauzo ya alizeti, anunue hisa 50 kwa mpigo katika VICOBA, kikundi chao cha kuweka na kukopa, hapahapa Kiomboi. Mwenyekiti akanipigia: "Mwanangu, hapa mwisho hisa tano kwa kikao." Nilikasirika. Nilipokuja likizo nikakaa kikaoni. Watunza funguo watatu waliinuka mmoja mmoja, kila mmoja na kufuli yake, sanduku likafunguka mbele ya wote. Mama akagongewa mihuri mitano kitabuni, mmoja kwa kila hisa. Mjane aliyeketi kando yake, mmoja. Hakuna aliyeweza kukinunua kikundi.

Nakiri, udhamini wa majirani una dhambi yake: mgeni aliyehamia jana hana wa kumsemea, na chuki ya zamani yaweza kumfungia mtu nje. Ni kasoro kubwa. Dawa yake ni kumpa mgeni hisa moja na muda wa kujulikana. Mashine ya kupiga picha mboni haimjui wala haitamdhamini.

Kwa hiyo vijana mnaoandika programu za tokeni, kabla ya kugawa chochote, ombeni ruhusa mkae kikaoni, nyuma, mpaka sanduku lifungwe.