Wanatusoma, Na Sisi Tusome
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wajumbe wa matawi)



Mwezi huu matajiri wametugawia karatasi za maswali kazini. Wanauliza kama twaipenda kazi, kama msimamizi husema nasi kwa adabu, kama twapumzika vya kutosha. Wenzetu wengine wamefurahi, wakisema, "Leo tumekumbukwa." Wengine wamezitupa. Karatasi zatakiwa Ijumaa, kwa hiyo tumeombwa kusema neno.

Kuchunguza tabia za watu kazini ni elimu kamili. Yafundishwa katika vyuo vikuu, na mameneja wengi wameisoma. Sisi tunaochunguzwa ndio tusioisoma. Basi tusikilize habari moja.

Karibu na mji wa Chicago, Marekani, palikuwa na kiwanda cha Hawthorne cha kampuni ya Western Electric, kilichotengeneza vyombo vya simu. Tangu mwaka 1924 hata 1932 wafanyakazi wake walichunguzwa. Mwaka 1927 wanawake sita waliwekwa katika chumba cha peke yao. Walipewa nafasi za kupumzika, na baadaye wakapunguziwa saa. Kazi waliyotoa ikaongezeka. Elton Mayo, mwalimu wa chuo kikuu cha Harvard, na wenzake wakaeneza fundisho kwamba mtu akijaliwa hufanya kazi vizuri zaidi.

Fundisho hilo lina ukweli. Nani kati yetu asiyejua tofauti ya msimamizi anayeamkia watu na yule anayewafokea? Lakini mambo mawili husemwa kwa nadra. La kwanza, malipo yao yalibadilishwa pia. Zamani nyongeza yao ilihesabiwa pamoja na ya kundi kubwa. Sasa ilihesabiwa kwa hao wachache tu, kwa hiyo kila mmoja aliiona faida ya jasho lake. La pili, mwezi wa Januari 1928 wawili kati yao waliondolewa, wakilaumiwa kwa maongezi mengi na kazi ndogo, na wengine wakawekwa mahali pao.

Tena wafanyakazi zaidi ya 20,000 waliulizwa maoni yao kati ya 1928 na 1930. Wengi walifurahi kupata mtu wa kumwambia yaliyo moyoni. Lakini kumwaga moyo si kupatana. Anayeuliza ndiye aliyebaki na jibu, na ndiye aliyeamua la kufanya.

Mwisho walichunguzwa wanaume 14 waliofunga nyaya za mitambo ya simu. Hao walikuwa na kipimo chao wenyewe cha kazi ya siku, wala hawakupenda mwenzao akipite. Je, walikuwa wavivu? La. Waliogopa kwamba wakiongeza kazi, bei ya kazi itapunguzwa, au wengine watafukuzwa. Nayo ilikuwa miaka ya shida kubwa Marekani. Mwaka 1932 chumba chao kilifungwa kwa sababu kazi ilikuwa haba. Hofu yao haikuwa ya bure.

Ndugu, tusizitupe karatasi hizi, wala tusizijaze kwa haraka. Kwanza tuulize maswali yetu matatu. Majina yetu yatajulikana? Majibu yataonyeshwa chama? Na lipi litabadilishwa, lini? Tukijibiwa kwa maandishi, tujaze. Tusipojibiwa, yale ya saa, mapumziko na msimamizi tuyapeleke sisi wenyewe kwenye meza ya mapatano. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yatupa haki ya kujiunga na chama, na chama haki ya kupatana na mwajiri.

Neno la mwisho ni kwetu sisi wajumbe. Tusimcheke meneja anayegawa karatasi ikiwa sisi hatuulizi hata kwa mdomo. Mara ngapi mwanachama hutuona siku ya kuchanga tu? Mtu asiyesikilizwa na chama chake atakwenda kumwaga moyo kwa yeyote atakayemuuliza. Basi kila mjumbe, kabla ya Ijumaa, azungumze na watu wa sehemu yake mmoja mmoja, aandike wanayosema, ayalete mkutanoni.

Wao wana karatasi. Sisi tuna masikio na tuna umoja. Tuvitumie.