Maandishi Yanayoruka

  

Kijana mmoja aliyekimbia na mama yake aliniuliza hivi: "Baba, tukishika kaliko barabarani inanyang'anywa. Je, tukiandika neno letu juu ya kitu kinachoruka, ni kosa?" Alikuwa anasema juu ya ile ambayo watoto wetu wanatengeneza kwa sashe na matete, watu wa pwani wanaiita tiara au kishada. Sikumjibu siku ile. Nilitaka kufikiri kwanza.

Wote tunajua kwa nini anataka kusema. Tangu mwezi wa kumi 2014 watu wanachinjwa kandokando ya Beni. Tarehe 13 mwezi wa nane 2016 ilikuwa Rwangoma, ndani ya mji wenyewe. Mwenye kuacha shamba la kakao nyuma yake na makaburi ya watoto wake, ukimwambia anyamaze unamwongezea kidonda cha pili.

Watu wetu wamejaribu njia nyingi. Mwezi wa kumi na mbili 2018, uchaguzi ulipoahirishwa huku kwetu kwa sababu ya Ebola na vita, vijana wa Beni walipanga kura yao wenyewe tarehe 30, kwa karatasi na masanduku ya kujitengenezea, na watu walinawa mikono kabla ya kupiga. Mwezi wa nne 2021 wanafunzi walilala siku kadhaa mbele ya ofisi ya meya wa Beni, wakidai mauaji yaishe. Lakini kumbukeni pia tarehe 25 mwezi wa kumi na moja 2019, ofisi hiyo ya mji ilipochomwa moto. Na kumbukeni Butembo, tarehe 26 mwezi wa saba 2022, kwenye kambi ya MONUSCO: raia wasiopungua saba walikufa, na walinzi wa amani watatu, mmoja wa Moroko na wawili wa India. Siku kama ile, nani alisoma kilichoandikwa kwenye karatasi za waandamanaji? Moshi ulifunika yote.

Basi tiara ina uzuri wake. Anayeishika kamba hana jiwe mkononi. Haifungi barabara. Mama muuza ndizi anapita, askari anapita, wote wanaangalia juu na kusoma.

Kule Guatemala, nchi iliyopitia vita vya wenyewe kwa wenyewe kwa miaka 36 hadi 1996, watu wa miji ya Sumpango na Santiago Sacatepéquez hurusha tiara makaburini kila tarehe 1 mwezi wa kumi na moja, siku ya Watakatifu Wote. Zile kubwa kabisa ni pana kuliko nyumba, zinasimamishwa tu, haziruki. Juu yake wanachora wafu wao na kuandika juu ya jeuri na haki za wenyeji. Nilipojua hayo nilifikiri juu ya makaburi yetu ya Beni, na juu ya wale wasio na kaburi.

Lakini Gaza inatufundisha upande wa pili. Mwaka 2011 watoto walirusha kwa pamoja tiara zaidi ya 12,000 pwani, dunia ikashangaa. Mwaka 2018 wengine walifunga moto kwenye tiara na kuchoma mashamba ng'ambo ya mpaka. Kuanzia hapo, hata ya mtoto asiye na neno iliogopesha.

Sasa namna ya kutengeneza. Matete mawili makavu, moja sentimita 90, lingine 75, yafungwe kama msalaba. Lile la kulala liwe karibu na kichwa, robo ya urefu kutoka juu. Zungusha uzi kwenye ncha nne, vika karatasi nyepesi au sashe iliyopasuliwa. Uji mzito wa unga wa muhogo unatosha kubandika karatasi. Sashe inataka kushonwa. Mkia wa vitambaa uwe mrefu mara tatu au nne kuliko tiara, bila huo inazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Herufi ziwe nene, za shubiri moja, ili zisomeke kwa mita 30. Kwa hiyo hakuna nafasi ya hotuba. AMANI. TURUDI. Neno moja. Mkitaka kila tiara ibebe herufi yake, mjue kwamba upepo haujui kusoma, mtaandika AMANI na juu itasomeka ANIMA. Waliosoma Kilatini watasema hata hivyo si vibaya.

Msirushe karibu na nyuzi za umeme, wala siku ya radi. Msirushe karibu na kambi ya askari au uwanja wa ndege wa Mavivi. Katika inchi yenye vita, kitu kinachoruka kinaweza kudhaniwa drone, na anayekiona ana bunduki. Msiandike jina la kabila. Msimpe mtoto kamba ya neno ambalo mtu mzima anaogopa kulishika.

Sasa sheria. Katiba ya 2006, kifungu cha 26, inahakikisha uhuru wa kuandamana, na inataka wapangaji waarifu serikali kwa barua. Lakini tarehe 6 mwezi wa tano 2021 hali ya dharura ilianza katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, na amri yake iliwapa wakubwa wa kijeshi uwezo wa kukataza mikutano. Msidhani ni mchezo. Mwezi wa pili 2016 vijana sita wa LUCHA walikamatwa Goma kabla ya mapambazuko, wakitayarisha kaliko zao. Walihukumiwa miaka miwili, kisha rufaa ikapunguza kuwa miezi sita.

Wazee na mashefu, hapa ndipo nawaomba ninyi. Kijana yule akija na barua yake, msimfukuze mlangoni. Someni, mwende naye hadi kwa meya. Na wewe kijana, andika kopi mbili: siku, saa, uwanja, majina ya watu wazima watakaosimamia. Moja waache ofisini, nyingine irudi kwako na muhuri. Wakikataa, waombe waandike sababu, na tiara zingoje ukutani.